AJALI INA KINGA: NENO KWA WENYE MALORI YA LUSHOTO

1/7

Mada za presha na sukari naziweka pembeni wiki hii, nitazirudia. Leo nimekuja kugombana.

Nagombana na msemo mmoja tu: "Ajali haina kinga."

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni wodini, na huu msemo nausikia kila mara. Ndugu wanausema wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi. Mchungaji anausema, shehe anausema, mwenyekiti wa kijiji anausema msibani. Ndugu akiusema namwacha, ana uchungu, anatafuta pa kujishika. Lakini kuna mtu mmoja akiusema damu inanichemka. Ni tajiri wa gari, yule anayekuja na soda mbili na mkate kumjulia hali dereva wake, anatikisa kichwa: "Sista, ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Anachanganya na pole nyingi. Halafu kesho yake anatafuta deiwaka wa kuendesha gari lingine.

Ndugu yangu tajiri, kinga unayo wewe. Hujaitoa tu.

Bibi zetu walikuwa wanasema surua ni mpango wa Mungu. Kila nyumba ilikuwa na kaburi dogo. Leo mtoto anachanjwa akiwa na miezi 9, anarudia akiwa na miezi 18, na sisi wauguzi tunaweza kupitisha miezi bila kuona surua. Mungu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba watu waliacha kungoja mtoto aumwe.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya barabara. Nasi huku tunaijua hiyo hesabu kwa majina. Barabara inayopita chini ya mlima wetu, ya Segera kwenda Moshi, ndiyo ile ya Magira Gereza pale Korogwe, Februari 2023, Fuso na Coaster iliyobeba msiba kutoka Dar: watu 17, na idadi ikapanda baadaye. Ndiyo hiyohiyo ya Sabasaba, Same, Juni 2025, basi na Coaster, watu zaidi ya 35.

Nataka kuonyesha kwamba ajali ya lori haianzi kwenye kona. Inaanza wiki nyingi kabla, na inaacha alama zinazosomeka. Tatizo letu ni kwamba hakuna anayezisoma, na anayezisoma hakai chini na dereva kuzizungumza. Twende.

2/7 MLIMA HAUSOMI KIBAO CHA 80

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema gari la mzigo la zaidi ya kilo 3,500 lisizidi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, na 50 kwenye makazi. Vizuri. Sasa niambie wewe mwenyeji, ni nani anashuka Lushoto kwenda Mombo kwa 80 akiwa na Fuso ya viazi? Hayupo. Akifika 60 kwenye zile kona za kushuka Soni tayari tunamwandalia kitanda. Huku kwetu watu wanakufa kwa mwendo wa 40, na kibao cha mwendo hakijavunjwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya joto. Nitumie hesabu ya fizikia ya sekondari, usikimbie.

Chukua gari na mzigo wake, jumla tani 10. Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo unashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita zisizofika 35. Ule uzito ukishuka hivyo unatoa nguvu ambayo lazima iende mahali. Ukiigeuza kuwa joto, inatosha kuchemsha maji ya baridi zaidi ya lita 250, mapipa zaidi ya moja. Huo moto wote unataka pa kwenda. Ukishuka na gia nzito, injini inaubeba sehemu kubwa. Ukiweka gia nyepesi, au ukapiga nyutro ili kuokoa mafuta, unauweka wote kwenye lainingi za breki. Lainingi zikiungua haziumi tena. Unakanyaga, mguu unafika chini, gari linaendelea. Wale wanaokaa karibu na barabara wanajua ile harufu, inatangulia kabla ya gari lenyewe kuonekana.

Halafu gazeti linaandika "lori lafeli breki". Kama vile breki ilikuwa na akili zake, ikaamka asubuhi ikaamua kufeli!

Madereva wakongwe wa mlima huu wana kanuni moja ambayo hawakuisoma popote: shuka na gia ambayo ungepandia. Basi. Lakini nani anamfundisha kijana wa miaka 23 aliyetoka kuendesha tambarare ya Handeni wiki jana, leo amepewa Fuso ya kabichi, saa 11 jioni, ukungu umeshuka, na ameambiwa awahi soko Dar alfajiri? Leseni anayo. Mlima hajapewa.

3/7 KIFAA KINALIA, HAKUNA ANAYESIKIA

Hapa ndipo wengine wataniambia: "Sista, mbona teknolojia ipo." Ipo. LATRA wana mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, ulianza na mabasi ya masafa marefu. Kifaa kinatuma gari lilipo na mwendo wake, basi likizidi linapiga mlio, na dereva anatakiwa ajitambulishe kwa kitufe chake ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Nalisifu hilo bila kinyongo. Ukipanda basi leo na ukasikia ule mlio, unajua kuna jicho.

Ila nina maswali mawili.

La kwanza: mlio peke yake unabadilisha mtu? Wamarekani walilipima hili. Taasisi yao ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa utafiti mwaka 2017 kwa madereva wa magari ya kazi, wengi wa sekta ya mafuta na gesi. Kundi moja lilifungiwa kifaa kisichowaambia kitu. La pili likapewa taa inayowaka dereva akikosea. La tatu likapewa taa, pamoja na msimamizi anayekaa na dereva, wanaangalia pamoja video ya kosa, wanazungumza. Matokeo: wa taa peke yake hawakutofautiana kwa maana na wale wasioambiwa kitu. Waliokaa na msimamizi ndio waliopunguza uendeshaji wa hatari.

Soma tena hapo. Taa bila mtu ni pambo.

La pili: kifaa kinamtumikia nani? Malori mengi ya kampuni yana GPS siku hizi, na baadhi ya wenye Fuso nao wanafunga. Muulize amefunga kwa nini. Atakujibu bila aibu: "Wananiibia mafuta." Sawa, wizi ni wizi. Lakini una mashine inayoweza kukuambia kwamba dereva wako alikanyaga breki ya ghafla mara kumi na moja kati ya Soni na Mombo, wewe unaitumia kuangalia alisimama wapi dakika ishirini! Kule Nairobi watafiti walifunga vifaa kwenye matatu 255 na kuwapa wenye magari taarifa. Wenye magari wakazitumia barabara kabisa, kwa hesabu yao na kwa kulinda gari, faida ikapanda. Usalama? Kumpa tajiri taarifa za mwendo peke yake hakukutosha kubadilisha uendeshaji. Binadamu anaangalia anachokitafuta.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Mashine siipingi. Nampinga mtu anayenunua kipimajoto halafu anakitumia kukorogea chai.

4/7 KARATASI YENYE MISTARI MIWILI

Sasa nikupeleke leba, ndipo utaelewa ninachotaka.

Mama anapojifungua tuna karatasi inaitwa patografu. Tunachora humo njia inavyofunguka saa kwa saa, mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, uchungu, presha. Ile tuliyosomea wengi wetu ina mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari. Wa pili, saa nne mbele yake, ni mstari wa kuchukua hatua. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya, haina mistari ile, lakini shabaha ni ileile: uone shida inakuja ukiwa bado una muda.

Mama akivuka mstari wa tahadhari hatumpigi faini. Hatumwiti mhuni. Hatumfukuzi kwenye kitanda tukaleta mama mwingine. Tunamsogelea: kibofu kimejaa? Amekunywa maji? Mtoto amelalaje? Tunatafuta sababu, tunarekebisha, tunapima tena. Na karatasi ikijazwa vizuri halafu ikakaa kwenye faili bila mtu kuchukua hatua, haijamwokoa mtu. Hilo kila mkunga anakujibu.

Dereva wa lori naye ana dalili zake za hatari, na zinapimika:

– Breki za ghafla, ngapi kwa tripu.
– Kona anaingia kwa mwendo gani.
– Kushuka ametumia dakika ngapi. Anayeshuka mlima huu haraka kuliko alivyopanda ana la kujibu.
– Saa alizokaa kwenye usukani, na saa alizolala kabla ya hapo.
– Simu mkononi.

Huna hela ya kifaa? Chukua daftari la kaunta. Andika ametoka Lushoto saa ngapi, amefika Mombo saa ngapi, kila tripu. Andika lainingi zimebadilishwa lini. Gari mbili, mlima mmoja, mzigo mmoja, moja inakula lainingi mara mbili ya mwenzake: hiyo siyo bahati mbaya, huo ni mguu wa dereva unaongea. Angalia matairi. Muulize utingo, lakini muulize pembeni, na umlinde akikuambia ukweli.

Halafu fanya jambo ambalo hakuna mashine italifanya kwa niaba yako. Kaa naye. Nusu saa kwa wiki, gari limezimwa, chai mezani. Usianze na "wewe unaendesha vibaya". Anza hivi: "Jumanne jioni, kona ya juu ya Soni, breki ya ghafla mara tatu. Ilikuwaje pale?" Kisha nyamaza. Utasikia mambo. Utasikia kwamba watoto wa shule wanatoka saa hiyo. Utasikia breki ya kushoto inavuta. Utasikia alipakia akiwa amechelewa kwa sababu wewe mwenyewe ulimngojesha hela ya mafuta. Mkubaliane jambo moja tu la kurekebisha wiki hiyo, siyo kumi. Wiki inayofuata rudini kwenye jambo hilohilo. Akifanya vizuri mwambie, tena mbele ya wenzake.

Kumfunda mtu hakuna muujiza zaidi ya huo. Na kama hujui kuendesha mlima, mtafute mzee mmoja mstaafu wa usukani, mlipe apande na kijana wako tripu tatu. Lushoto hii wazee wa usukani wapo, wamekaa vijiweni wanacheza bao na hekima yao yote.

5/7 MAJIBU KWA WABISHI

Nawajua, mmeshaanza kuandika huko chini. Ngoja niwajibu kabisa.

*"Madereva wetu wahuni, dawa ni kuwafunga."* Mhuni yupo, kwenye kila kazi yupo, hata kwetu. Anayekunywa na kuendesha polisi wamchukue, simtetei. Lakini wanaolazwa kwetu wengi siyo wahuni. Ni baba za watu waliochoka. Mmoja aliniambia, mguu uko juu umefungwa uzito, anaongea polepole: "Sista, hiyo breki niliisema wiki mbili kabla. Nikaambiwa malizia hii tripu kwanza." Wiki mbili! Huo ndio mstari wa tahadhari, dereva mwenyewe aliuchora kwa mdomo wake, na aliyetakiwa kuusoma alikuwa anahesabu magunia. Ukimfunga dereva huyu umemaliza nini? Anayekuja baada yake atapewa breki ileile.

*"Dereva akijua anachunguzwa atakasirika, ataacha kazi."* Atakasirika kama unamchunguza umkate hela. Hapo hata mimi ningechomoa waya. LATRA wenyewe wamekuwa wakiwachukulia hatua wanaochezea vifaa, kwa hiyo tusijifanye hatujui kinachotokea mtu akiona kifaa ni fimbo tu. Weka sheria wazi: taarifa ya mwendo ni ya kufundishia kwanza, ukirudia baada ya kufundwa ndipo tunazungumza adhabu. Dereva aone kile unachokiona wewe. Cha siri kinazaa uadui.

*"Ni kazi ya trafiki."* Trafiki anakuona kwa dakika mbili, umeshafunga mkanda na kupunguza mwendo, umeambiwa na mwenzako kwa taa kwamba wako mbele. Wewe tajiri uko naye mwaka mzima.

*"Gharama."* Haya, tuhesabu gharama. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu analala wiki nyingi. Kuna damu, na damu haiuzwi, inachangiwa, tunapiga simu kwa ndugu usiku wa manane. Akihitaji rufaa anapelekwa Bombo au KCMC, na gari la wagonjwa linashuka kona zilezile, usiku, na muuguzi amekaa nyuma ameshika dripu. Ongeza Fuso iliyo korongoni. Ongeza kabichi za watu wanane ambao hawatalipwa. Ongeza utingo aliyekuwa amelala juu ya magunia, ambaye mara nyingi hafiki kwetu kabisa. Nusu saa ya chai kwa wiki ni bei gani?

*"Mungu akipanga amepanga."* Nimeshakujibu kwenye surua.

6/7 USINGIZI, LUMBESA NA HELA YA TRIPU

Hapa nawageukia wale wanaofikiri kumfunda dereva kunatosha. Hakutoshi, kama unamfundisha asubuhi na jioni unamlipa kwa kuvunja uliyomfundisha.

Usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama 0.10, zaidi ya kiwango kinachokatazwa na sheria yetu, 0.08. Sasa mchukulie dereva wa mboga. Ameamka saa 12 asubuhi, amezunguka vijijini kukusanya mzigo, barabara za udongo, Mlalo huko, Lukozi huko. Jioni anashuka. Usiku kucha yuko njiani. Anaingia sokoni Dar alfajiri, saa 22 macho. Hajaonja hata tone, lakini kichwani ni mlevi. Mashine ya trafiki ya kupulizia itasema yuko safi!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mtu apumzike saa 12 mfululizo. Tajiri, wewe umeajiri, au umemwazima mtu gari? Maana ukimwambia "hesabu yangu ni hii, inayobaki yako", unajifanya hujaajiri. Na akiumia hayumo kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 hasa kwa mtu kama yeye. Mke wake anabaki na daftari la michango.

Lumbesa. Tunaizungumza kama wizi kwa mkulima, na ni wizi kweli. Lakini lile gunia lenye kilemba ni uzito pia, na uzito ni moto kwenye breki. Kila tani unayoongeza, mteremko unaidai. Gari likijazwa mpaka juu linainuka na kitovu chake cha uzito, kona iliyokuwa inapitika inakuwa ya kupinduka. Unaweza kumfunda dereva mpaka koo likauke, ukimpakilia tani tatu za ziada umefuta somo.

Hela ya tripu. Dereva anayelipwa kwa idadi ya tripu, ukimwambia "taratibu baba", unamwambia apunguze ugali wa watoto wake. Wale watafiti wa Nairobi waliona madereva wanatulia pale walipolipwa kidogo kwa kuendesha salama. Hiyo inaeleweka hata kwa asiyesoma. Weka bonasi ya lainingi: zikidumu miezi uliyokubaliana, gawaneni ulichookoa. Utashangaa watu watakavyojua kutumia gia.

7/7 NINACHOTAKA, KWA MAJINA YA KAZI ZENU

Malalamiko bila ombi ni kelele, kwa hiyo naomba.

Wenye magari. Daftari, nusu saa, jambo moja kwa wiki. Na dereva akisema "breki", gari lisiwashwe. Siyo tripu ya mwisho, siyo mpaka Mombo. Lisiwashwe.

Halmashauri. Mna mageti ya ushuru wa mazao. Kila Fuso inasimama pale, mnahesabu magunia mpaka la mwisho, risiti inatoka. Gari linasimama kulipa ushuru wa kabichi, halisimami kuangaliwa tairi! Muweke mtu mmoja mwenye tochi na kijiti cha kupima kina cha tairi, kabla ya mteremko, amuulize dereva maswali matatu: umelala lini, breki zikoje, utashuka na gia ya ngapi. Dakika nne. Mizani za TANROADS kule chini zinalinda lami. Huku juu tulinde watu.

Wanaouza magogo na mbao, na wanunuzi wa chai. Mnatoa vibali na mikataba. Kampuni kubwa za mafuta na migodi haziruhusu msafirishaji apakie bila kuonyesha rekodi ya madereva wake. Kwa nini lori la magogo linalotoka Shume lisiulizwe? Anayetoa mzigo ndiye mwenye nguvu kuliko trafiki, maana bila karatasi yake gari haliondoki.

LATRA. Mlichofanya kwa mabasi kitufikie mlimani, na kifike kikiwa na akili ya mlima: kipimo cha breki na kona, siyo 80 tu. Na mmiliki aulizwe swali ambalo haulizwi: umefanya nini na taarifa ulizopata?

Utingo na abiria. Pazeni sauti. Kenya walibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva, na madai ya bima yakashuka kwa nusu au zaidi. Karatasi tu! Sembuse mdomo wa utingo anayekaa pale kila siku.

Kaka zangu madereva. Ninyi siwagombezi. Mkiambiwa mtafungiwa kifaa, msikichomoe. Ombeni kimoja tu: tuonyeshwe na sisi. Siku gari likienda korongoni bila rekodi, mtakaolaumiwa ni ninyi peke yenu. Rekodi ikiwepo, itaonekana pia nani alikutuma na mzigo gani na ulikuwa macho saa ngapi. Ile karatasi itakutetea hata ukiwa huwezi kuongea.

Wodini tuna utaratibu mmoja: aliyepima na akaona kitu hakiko sawa, akakaa kimya, ana kesi ya kujibu. Mlimani nataka utaratibu huohuo. Gari lako lilinuka breki wiki iliyopita na ukajua. Ulifanya nini?

Mtumie mwenye Fuso unayemjua. Usimwandikie maneno mengi, mwandikie hilo swali tu. Akikujibu "ajali haina kinga", mlete hapa chini, nipo.